Omera, moyo wako haukusimama

Kwenye tuktuk ya kutoka Kondele kwenda mjini, abiria mmoja alikuwa akimhadithia dereva yaliyomkuta Krismasi iliyopita. "Omera, moyo wangu ulisimama kabisa. Nikapanda bodaboda mwenyewe hadi Russia." Dereva akampa pole. Nami nikampa pole kimoyomoyo, maana kifua bila shaka kilimuuma na hofu ilimshika. Lakini mtu ambaye moyo wake umesimama hapandi bodaboda. Hupandishwa.

(Kwa mgeni wa Kisumu: omera ni ndugu au rafiki kwa Dholuo, na Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na jina hilo limegoma kufutika.)

Jioni hiyohiyo nikasikia redioni kwamba mtu fulani "alipata mshtuko wa moyo akafariki papo hapo". Basi siku moja tu, mwenye mshtuko kaambiwa moyo wake umesimama, na ambaye yamkini moyo wake ulisimama kaambiwa amepata mshtuko.

Maana zenyewe si ndefu. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaoupelekea moyo damu yake unapoziba, na sehemu ya msuli wa moyo ikaanza kufa kwa njaa. Moyo wenyewe bado unadunda. Mgonjwa yuko macho, jasho linamtoka, kifua kimembana, maumivu yanapanda hadi begani au tayani, na ukimuuliza jina la mama yake atakutajia. Moyo kusimama ni damu kuacha kusukumwa. Mtu anaanguka, ukimwita haitiki, na hapumui kama kawaida. La kwanza linaweza kuleta la pili, lakini wengi wanaopata mshtuko moyo wao hausimami. Na moyo waweza kusimama bila mshipa wowote kuziba: mtu amezama ziwani, amepigwa na stima, amevuja damu nyingi, au ana msuli wa moyo ulionenepa kupita kiasi, kama Marc-Vivien Foé wa Cameroon aliyeanguka uwanjani Lyon mnamo Juni 2003, akiwa na miaka 28.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi: mshtuko. Kushtuka ni kazi ya mtu aliyepigiwa honi nyuma yake. Mshtuko una mshtuaji. Ndiyo maana mtu akianguka ghafla huku kwetu, swali la kwanza matangani si alikuwa na presha au kisukari. Swali ni: alipewa habari gani? Nani alimpigia simu? Nimekaa kwenye matanga upande wa Ahero nikamwona mke wa mwana akitazamwa vibaya siku tatu mfululizo kwa sababu ndiye aliyekuwa akiongea na mzee kwa simu alipoanguka. Walikuwa wakizungumzia bei ya mbolea. Sisemi kwamba hasira au huzuni kali haina neno. Moyo uliokwisha kuugua inaweza kuuangusha. Lakini mishipa ya mzee yule haikuzibwa na simu. Iliziba polepole, kwa miaka, bila mtu kumshtua.

Kusimama nako kuna mtego wake. Saa ikisimama imekufa, hakuna ubishi. Ila matatu ikisimama iko stejini tu inajaza, itaondoka. Nadhani abiria wangu alikuwa na moyo wa matatu. Halafu moyo wetu wa Kiswahili umebebeshwa mizigo mingi isiyo ya hospitali: tunaupa, tunaufungua, tunaupiga konde. (Kupiga moyo konde, tafadhali, si huduma ya kwanza.) Wenzetu wanaosema Dholuo wamegawa kazi vizuri zaidi: adundo ni kile kiungo chenyewe kifuani, na chuny, ambalo pia ni ini, hubeba majonzi na furaha. Sikio la Mswahili linafurahi kusikia "dunda" ndani ya adundo, ingawa sidai undugu wowote hapo.

Neno la tatu, kupumua, ndilo linaloua. Mtu ambaye moyo wake umesimama, dakika za mwanzo, huweza kuvuta pumzi moja kubwa ya kukoroma, akanyamaza, kisha akavuta nyingine, kama samaki aliyetupwa mchangani Dunga. Watu wakiona hivyo husema "bado anapumua", wakampepea kwa gazeti na kumwagia maji usoni. Mwingine anasema "anakata roho", na hapo kila mtu anarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Ile si pumzi ya kutegemea, na wakati huo si wa kurudi nyuma. Ubongo huanza kuharibika baada ya kama dakika nne, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya mtu kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Sasa hesabu dakika za ambulensi kupita Kondele saa kumi na mbili jioni.

Kinachotakiwa kina jina zuri la Kiswahili, kukandamiza kifua, na hata hilo tumelilainisha. Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza katika ukumbi wa kanisa Nyalenda. Mama mmoja muuza omena alipiga magoti mbele ya sanamu, akaweka viganja kifuani, akaanza kusugua na kubonyezabonyeza taratibu. Mkufunzi akamtazama kidogo. "Mama, hizo ni chapati. Hapo unakanda. Mimi nataka ukandamize." Ukumbi ukacheka, mama akacheka zaidi, kisha akanyoosha viwiko na kuiminya ile sanamu kwa uzito wa mwili mzima hadi ikalia tak.

Kukanda ni kwa unga na kwa mgongo unaouma. Kukandamiza ni lile neno tunalowatupia watawala. Hata hivyo siwezi kumlaumu mama, kwa sababu mkanganyiko huu ulianza kwa wenyewe. Mwaka 1960, William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, walichapisha kutoka Johns Hopkins kule Marekani njia ya kusukuma damu bila kupasua kifua. Walikuwa wakifanya majaribio ya umeme kwa mbwa, wakagundua kwamba kule kukandamiza tu vile vyuma vizito vya kupitishia umeme kifuani kulipandisha shinikizo la damu. Na jina walilolipa jambo hilo? Kuukanda moyo.

Basi kipimo kwa mtu mzima ni hiki: katikati ya kifua, ushuke sentimita 5 hadi 6, uachie kifua kiinuke, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa huvuvia pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa akandamize tu, huku mwingine akipiga 999 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kwa mtoto na kwa aliyetolewa ziwani, pumzi zina uzito zaidi, na hiyo kwetu tunaoishi kando ya maji ni sababu tosha ya kwenda kufunzwa. Mbavu huweza kuvunjika. Mbavu huunga.

Kichekesho ni kwamba katika habari yote hii, mshtuko wa kweli upo, nao uko upande wa tiba. Mara nyingi moyo "uliosimama" haujatulia tuli; unatetemeka ovyo bila kusukuma kitu, na ile mashine ya kupiga shoti huukatiza mtetemo huo ili mdundo wake upate kurudi. Mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka Copenhagen, Juni 12, 2021, alikandamizwa kifua akapigwa shoti palepale uwanjani, na baadaye akarudi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwenye banda nililokuwa natazamia walisema amepata mshtuko wa moyo. Aliupata, ndiyo, ila ni ule wa mashine.

Kwa hiyo, omera wa kwenye tuktuk, tukikutana tena nitakwambia polepole: kifua kilikubana, huenda ulikuwa mshtuko wa moyo, na ulifanya vyema kukimbilia hospitali, ingawa ungeketi umwombe mtu akupeleke. Lakini moyo haukusimama. Ungesimama, kisa hicho usingekikumbuka. Ungekuwa umesimuliwa na yule aliyepiga magoti kando yako.