"Ni majani tu, daktari"

Mimi ni mfamasia, si daktari, ila wateja wangu hapa Kirumba, Mwanza, wameniita hivyo mpaka nimechoka kuwasahihisha. Kauli ambayo sitachoka kuipinga ni ile ya wanaomeza vidonge vya mitishamba ili walale: "hii ya usingizi haina kemikali, ni majani tu." Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu.

Haya, majani. Mhogo mchungu nao si umetoka shambani? Mbona Ukerewe hawautafuni mbichi? Wanauvundika, wanauanika, ndipo wanapata udaga wa ugali, kwa sababu mabibi walijua zamani kwamba una sumu. Kitu chenye nguvu ya kumlaza mtu mzima lazima kina kemikali. Kingemlazaje bila hiyo?

Mteja wa tatu alikuwa mama anayetumia ARV. Nikaligeuza kopo lake, nikasoma yale maandishi ya ukubwa wa sisimizi: mchanganyiko wa mitishamba, mmojawapo St. John's wort. Mmea huo huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Dolutegravir, mojawapo ya ARV, hupungua kwenye damu, na virusi vya UKIMWI vikipata upenyo vinaweza kujenga usugu. Mmea huo hupunguza pia nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Nikamuuliza, mama, kliniki wanajua? "Nesi aliuliza dawa ninazotumia. Hii si dawa." Hapo ndipo ninapokasirika, na simkasirikii yeye. Namkasirikia aliyemuuzia kwa maneno hayo. Ukiwa na dawa yoyote ya kila siku, kopo lako liende nawe kliniki, likasomwe. ARV usiziache.

Kava, mmea mwingine wa makopo haya, nayo imehusishwa na kuharibika kwa ini. Valeriana, mmea mwingine wa usingizi, ni mpole zaidi, lakini ukiimeza juu ya diazepamu, dawa ya hospitali inayolevya usingizi, au bia, usingizi unajumlishana, na asubuhi unapanda bodaboda huku kichwa kizito.

"Basi angalau inafanya kazi." Tafiti za valeriana zinapingana. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliwashauri wenzao wasiitumie kutibu ukosefu wa usingizi wa muda mrefu. Melatonini waliiweka kapu hilohilo, na hiyo wala si mmea: ni homoni, na ya kwenye kopo kwa kawaida hutengenezwa maabara.

"Nikiongeza vidonge vitashika." Hapana.

Chai ya kamomili? Kunywa, mradi huna mzio nayo. Ila kikombe kikubwa saa nne usiku kitakuamsha saa nane uende chooni, halafu utasema una tatizo la usingizi. Na anayekoroma mpaka pumzi inakatika, au anayeamka kukojoa mara nne, aende akapimwe kwanza.

Ushauri wangu wa siku zote, ambao watu huupokea kwa kununa kwa sababu hauuzwi: amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikesha. Ninaowasamehe ni wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wako ziwani na taa zao, mbalamwezi ikitoka wanalala nyumbani, hivyo saa ya mwili inapinduliwa kila mwezi. Hao huwaambia watafute pazia zito jeusi, na simu ikae chumba kingine.