Umbali wa mbwa wa kuwinda rakuni: kilomita 15 zinazotajwa ni za nini?

"Jana usiku mbwa alikwenda kilomita 15." Kauli ya namna hii imezagaa kila panapozungumzwa uwindaji wa rakuni wa kule Marekani, na msikilizaji huelewa kwamba mbwa alimwacha mwenyewe kilomita 15 nyuma. Sivyo. Mara nyingi mbwa huyo hakuwahi kuwa hata kilomita mbili kutoka pale mwenyewe aliposimama.

Umbali wa mbwa ni nafasi iliyopo kati yake na mwindaji kwa wakati fulani, kwa mstari ulionyooka. Mwendo wake ni jumla ya njia yote aliyopita tangu alipofunguliwa mnyororo, pamoja na kila kona, kila duara na kila kurudi nyuma. Hizo ni namba mbili tofauti. Ipo na ya tatu, ambayo ndiyo wafugaji wanaijali kuliko zote: mbwa huenda mbali kiasi gani kutafuta harufu kabla hajabweka mara ya kwanza.

Kwa asiyeujua uwindaji huu: rakuni ni mnyama wa usiku wa Amerika Kaskazini, kwa kawaida wa kilo 4 hadi 9, anayekula karibu kila kitu, kuanzia kamba wa mtoni hadi mahindi mabichi. Akibanwa hupanda mti. Mbwa hufunguliwa gizani, husaka harufu akiwa kimya, akiipata hubweka huku akiifuata, na rakuni akishapanda, mbwa husimama chini ya mti na kubweka hapo hapo bila kuondoka mpaka mwenyewe afike.

Mkanganyiko umekua zaidi tangu kola za GPS zilipoenea, yaani mikanda ya shingoni inayoonyesha mahali mbwa alipo kwa msaada wa setilaiti. Kabla yake mwindaji alitegemea masikio, au kola ya redio iliyomwonyesha upande tu wa kuelekea. Usahihi wa GPS kwa raia ulipanda Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga kwa makusudi, na miaka michache baadaye kola za mbwa wa kusaka zikaingia sokoni. Kifaa cha mkononi huonyesha namba zote mbili kwenye kioo kimoja: mbwa yuko wapi sasa, na jumla ya njia aliyopita. Mtu akitaka kumsifu mbwa wake huchukua iliyo kubwa.

Namba hiyo kubwa inapima nini hasa? Inapima saa, kuliko kitu kingine chochote. Mbwa mzima, mwenye pumzi, anayesaka porini hukimbia kwa kasi ya kama kilomita 8 hadi 12 kwa saa. Mfungulie saa 3 usiku, mfunge saa 5, naye akiwa hakusimama popote, tayari ana kilomita 16 au zaidi, hata kama muda wote alikuwa akizunguka shamba moja. Mbwa anayechezacheza kando ya gari atajaza mwendo mkubwa. Mbwa hodari aliyepata rakuni ndani ya dakika kumi na kumpandisha mti atakuwa na mwendo mdogo kuliko huyo, kwa sababu saa nzima iliyofuata alikuwa amesimama chini ya mwaloni akibweka. Ukiwapanga kwa mwendo, mzembe atakuwa wa kwanza.

Na hata namba yenyewe ina kasoro. Kola husoma mahali ilipo kila baada ya sekunde kadhaa, na kila usomaji una kosa la mita chache. Mbwa akisimama chini ya mti dakika 40, kola inayosoma kila sekunde 5 inasoma mara 480. Kila usomaji ukisogea mita moja tu, na kifaa kisiweze kuuchuja, mbwa ambaye hakuinua mguu ameongezewa karibu nusu kilomita. Upande wa pili, ukiiweka kola isome kila baada ya dakika mbili ili kutunza betri, kona zote zilizo katikati ya usomaji mmoja na mwingine hukatwa, mwendo ukapungua. Wawindaji wawili wenye mbwa waliokimbia bega kwa bega wanaweza kurudi na namba zisizofanana, na hakuna aliyedanganya.

Kuna na suala la vipimo. Vifaa vingi kule husoma kwa yadi, halafu mbwa akizidi kusogea hubadilisha kuwa maili. Yadi ni mita 0.914, na maili ni yadi 1,760, yaani kilomita 1.6. Anayesoma 0.8 kwenye kioo akadhani ni kilomita amekosea kwa karibu nusu kilomita, na hiyo ni nusu kilomita atakayoitembea kwa miguu usiku, miibani.

Sasa turudi kwa rakuni mwenyewe, maana yeye ndiye anayeamua mengi. Rakuni hakimbii kama kulungu. Katika maeneo yenye mchanganyiko wa mashamba na misitu, eneo lake la kuishi mara nyingi ni kilomita za mraba 1 hadi 3. Chukua 2: ukiliwaza kama duara, kutoka ukingo hadi ukingo ni kama kilomita 1.6. Ndani ya hapo ana miti yake yenye mashimo, kijito chake na shamba lake la mahindi. Usiku hutangatanga: anaingia mahindi, anatoka, anafuata kingo za mto, anavuka juu ya gogo, anarudi. Mbwa anayefuata harufu yake anachora njia hiyo hiyo. Ukiitazama kwenye ramani ya kifaa utaona mistari imesokotana kama uzi uliochezewa na paka, na mbwa amekimbia kilomita 3 kumbe hajatoka mita 400 kutoka alipobweka mara ya kwanza.

Ndiyo maana mstari ulionyooka unamtia mashaka mwindaji mzoefu. Mbwa akishika njia moja, kasi ikapanda, umbali ukaongezeka bila kupinda, akavuka barabara na mito miwili, uwezekano mkubwa yuko nyuma ya kulungu au koyoti, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa. Hilo ni kosa la mafunzo, wala halipaswi kuhesabiwa kama sifa. Rakuni dume hutoka nje ya eneo lake la kawaida kati ya Januari na Machi akitafuta majike, na hapo njia ya harufu huweza kunyooka na kurefuka kuliko kawaida. Hata hivyo huishia mtini au shimoni.

Namba ya tatu ndiyo inayohusu tabia ya mbwa. Ukimfungulia mahali pasipo na harufu, atakwenda umbali gani kabla ya kukata tamaa? Mbwa wa karibu hupekua ndani ya mita 100 hadi 300, kisha hurudi kumtazama mwenyewe. Wa kati hufika mita 600 au 700. Wa mbali huendelea mpaka apate, awe mita 800 au kilomita moja na nusu, wala hageuki. Hapa pua inaingia pia. Mbwa anayeweza kushika harufu iliyopoa, ya rakuni aliyepita saa kadhaa nyuma, hubweka karibu na mahali alipofunguliwa, kisha huifuata polepole hadi mbali. Sifa hiyo husemwa zaidi kwa mbegu za mbwa ziitwazo Bluetick na Black and Tan. Mwenye kungoja harufu mbichi huipita ile iliyopoa, akabweka mara ya kwanza akiwa mbali, kisha akamaliza kazi upesi. Mbwa wengi wa mbegu ya Treeing Walker wanatajwa hivyo. Kwa hiyo mbwa wawili wanaweza kuishia kwenye mti mmoja, umbali ule ule, mmoja akawa msakaji wa karibu na mwingine wa mbali.

Mashindano yamechangia kuupandisha umbali huu. Katika kanuni za United Kennel Club, shirika la kusajili mbwa lililoanzishwa 1898, mbwa hufunguliwa hadi wanne pamoja. Wa kwanza kutangazwa kwamba amepata harufu huchukua pointi 100, wanaofuata 75, 50 na 25. Wa kwanza kutangazwa kwamba amempandisha rakuni mtini hupata 125, wanaofuata 75, 50 na 25. Ukiziangalia pointi hizo utaona kwa nini mfugaji wa mashindano anamtaka mbwa anayeondoka kwa nguvu, peke yake, kwenda kutafuta rakuni wake mwenyewe mahali ambapo wenzake hawajafika.

Lakini mbwa wa mbali anahitaji ardhi. Katika majimbo ya Indiana, Illinois na Iowa ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, na robo ya mraba huo ni ekari 160, yenye upande wa mita 805. Mbwa wa mita 800 akifunguliwa ukingoni mwa shamba hilo anatokea ng'ambo, kwa jirani. Kwenye ekari 40 upande ni mita 402 tu. Hata mbwa wa kati hatoshi humo. Virginia sheria inamruhusu mwindaji wa rakuni kumfuata mbwa wake hadi ndani ya ardhi ya mtu mwingine, mradi msako ulianzia kwingine. Si kila jimbo lina ruhusa hiyo, na mwenye shamba aliyeamshwa na mbwa wanne saa 8 usiku hajali mbwa alikuwa na mwendo wa kilomita ngapi.

Umbali ndio pia unaoamua kama mbwa atasikika. Usiku wa baridi usio na upepo, mbwa mwenye sauti ndefu husikika zaidi ya kilomita moja. Akivuka mgongo wa kilima akashuka korongoni, anaweza kupotea masikioni akiwa mita 500. Kola nazo zina mipaka: zinarusha kwa masafa ya MHz 151 hadi 154, mawimbi yasiyopenda vilima. Kilomita 14 zinazoandikwa kwenye boksi ni za mahali peupe. Korongoni hushuka hadi kilomita chache au chini ya hapo. Ishara ikikatika, kioo huendelea kuonyesha mahali pa mwisho, na wengi hutembea kuelekea hapo wakati mbwa alishaondoka zamani. Dawa ni kupanda juu ya mgongo wa kilima ukiwa na kifaa, kungoja ishara irudi, ndipo ushuke. Kumbuka pia kwamba mita 700 za kioo hazihesabu kushuka na kupanda. Katika milima ya Appalachia mita hizo huweza kuwa safari ya nusu saa.

Kwa hiyo anayetaka kusema mbwa wake ni wa mbali asitaje mwendo wa usiku mzima. Ataje umbali wa mbwa alipobweka mara ya kwanza na umbali wa mti, kwa usiku kadhaa na si ule mmoja uliofana, na aseme alifunguliwa peke yake au na wenzake, kwa maana mbwa wengi huenda mbali wakimfuata mwenzao na wakiwa peke yao hawavuki mita 200. Mwendo nao una kazi yake: mbwa akirudi na kilomita 20 mguuni, kagua nyayo na katikati ya vidole, mpe maji kidogo kidogo, na kesho yake usimfungulie.