Pompous: maana yake, na pale linapotumiwa vibaya

Ukiuliza maana ya neno la Kiingereza pompous, jibu la haraka utakalopewa ni "mwenye kiburi". Jibu hilo si la uongo, ila linamfanya mtu alitumie neno pasipo pake. Kwa Mzanzibari kiburi ni neno zito. Linagusa moyo wa mtu na dini yake, na mwenye kiburi ni mtu wa kuogopwa au wa kuombewa dua. Pompous ni jepesi zaidi, tena lina kicheko ndani yake. Anaitwa hivyo mtu anayejipa ukubwa kwa namna anavyosema, anavyoandika, anavyokaa kitini au anavyotaka kuitwa, na ukubwa huo hauendi na jambo lenyewe. Barazani watu wanazo kauli zao kwa mtu huyo: anajikweza, anajitia makuu, kajipa ukubwa. Ukilazimishwa kuchagua moja, shika kujikweza.

Neno limetoka kwenye Kigiriki pompe, yaani maandamano ya heshima. Likapita Kilatini na Kifaransa ndipo likaingia Kiingereza. Maandamano ya namna hiyo Unguja na Pemba tunayaita zefe, iwe la Maulidi au la bwana harusi anayepelekwa na watu wake. Basi mtu pompous hutembea kama ana zefe nyuma yake, na ukigeuka kutazama huoni hata mpiga dufu mmoja.

Zamani lilikuwa neno la sifa, kwa maana ya kitu chenye fahari na adhama. Maana hiyo bado inaonekana kwenye maandishi ya kale, na kamusi kubwa huitaja, lakini katika mazungumzo ya leo pompous ni lawama karibu kila mara. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtembeza watalii amesimama Forodhani, anaonesha Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, anasema "This was a pompous palace". Yeye anakusudia kusifu. Mwingereza anayesikiliza anaelewa kwamba jumba lilikuwa la kujionesha tu, kubwa kwa sababu mwenyewe alijiona mkubwa. Kwa kusifu, maneno ni grand, magnificent au splendid.

Kinachowachanganya watu ni pomp, nomino iliyozaa pompous, ambayo yenyewe haina ubaya wowote. Gwaride la Mapinduzi la tarehe 12 Januari, likiwa uwanja wa Amaan au wa Gombani, lina pomp: bendi, vikosi, viongozi jukwaani. Huo ni utukufu wa sherehe, na sherehe ya nchi inaustahili. Ukisema "The wedding was full of pomp", umesema harusi ilifana na ilikuwa ya fahari. Ukisema "The wedding was pompous", umewatukana wenye harusi, na pilau yao umeshakula.

Mahali pompous linapokaa vizuri kuliko pote ni kwenye hotuba, na mifano hatuhitaji kuifuata London. Chukua hafla ya kukabidhi mfereji, yaani bomba la maji, shehiani. Watu wamekaa juani, ndoo ziko tayari. Msemaji anashika kipaza sauti, anataja wageni mmoja mmoja kwa vyeo vyao vyote, kisha anaanza: "Naomba nichukue fursa hii adhimu, kwa niaba yangu binafsi na kwa niaba ya uongozi mzima, kutoa shukurani zangu za dhati kuhusiana na suala zima la upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama." Alichokuwa nacho cha kusema ni hiki: mfereji umefunguliwa, asanteni mliochimba, ukiharibika mwambieni sheha. Hotuba ya kwanza ndiyo Mwingereza angeiita a pompous speech. Angalia imevimba wapi. "Kwa niaba yangu binafsi" haina kazi, kwa sababu mtu hajitumi mwenyewe. "Suala zima la" haliongezi kitu. Ukiliondoa maji yanabaki yale yale. "Upatikanaji wa huduma ya maji" ni kupata maji. Kitenzi kimegeuzwa nomino, kikatafutiwa "huduma" ya kukisindikiza, na sentensi ikawa nzito bila kubeba mzigo.

Kuna jambo la haki la kusema hapa. Kutaja wageni kwa heshima si kujikweza. Ni adabu, na Mzanzibari asiyesalimia kabla ya kusema ataonekana hakulelewa. Hata serikalini walishaliona tatizo la urefu, ndiyo maana "itifaki imezingatiwa" imekuwa kauli ya kumwokoa msikilizaji. Hotuba huwa pompous pale adabu inapokuwa ya msemaji kujitukuza yeye, au pale maneno ya sherehe ya taifa yanapotumiwa kwenye mfereji mmoja.

Kwa maandishi hali ni hiyo hiyo. Kiingereza cha barua za ofisini tulichorithi tangu enzi za himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890 hadi 1963, kilipenda maneno marefu, na vijana wengi hufundishwa kwamba barua ya kuomba kazi lazima ivimbe ndipo iheshimike. Wanaandika commence badala ya begin, utilise badala ya use, purchase badala ya buy, endeavour badala ya try. Kila neno peke yake ni sahihi. Yakirundikwa kwenye barua ya ukurasa mmoja ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, msomaji anaona mtu anayejitia ukubwa kabla hajaajiriwa. Mwenye hoteli Nungwi au Kiwengwa anataka kujua umewahi kufanya kazi wapi, lugha gani unazijua na lini unaweza kuanza. Hayo yaandike kwa maneno mafupi. Neno refu liwekwe pale tu ambapo fupi halitoshi.

Neno hili lina ndugu zake, na si vyema kuwachanganya. Arrogant ndilo la karibu na kiburi chetu: mtu anayeona wenzake si chochote na anawatendea hivyo. Asili yake ya Kilatini ni kujidai kitu, kwa hiyo Kiswahili chetu cha "anajidai" kimekwenda sambamba nalo bila hata kupatana. Conceited ni mtu aliyejiona, kwamba ana akili au kipaji kuliko wengine. Vain huwa zaidi kwa sura na sifa, mtu wa kioo. Pretentious anajifanya anacho asichokuwa nacho, mathalani anasifia vitabu ambavyo hajavifungua. Bombastic ni la maneno makubwa ya kuvimba; asili yake ni pamba ya kujazia nguo. Huku kwetu watu hulitumia kama sifa, "ana Kiingereza cha bombastic", lakini kwa wenye lugha si sifa hata kidogo. Na yule anayetoka kumtunza mwimbaji wa taarab kwa noti moja moja, anazipunga juu, anarudi kinyumenyume kwa madaha? Huyo si pompous. Anapiga mikogo, na Mwingereza angesema he is showing off. Kutunza kwenyewe kunataka madoido, na ukumbi mzima unafurahi.

Njia nzuri ya kumtenga pompous na arrogant ni kutazama hadhira. Mwenye kiburi hukudharau hata mkiwa wawili tu njiani. Anayejikweza anataka watazamaji. Mwache peke yake na mkewe nyumbani, mara nyingi utamkuta ni mtu wa kawaida kabisa, anauliza chai iko wapi. Anaweza hata kuwa mwema, mtoaji, asiyemdharau yeyote. Ndiyo maana watu humcheka zaidi kuliko kumchukia.

Suala la vyeo linaleta mabishano mengi. Kuitwa Maalim, Sheikh, Daktari au Mheshimiwa hakumfanyi mtu awe pompous. Seif Sharif Hamad aliitwa Maalim hadi mwisho wa maisha yake kwa kuwa aliwahi kusomesha, na jina hilo alipewa na watu. Tatizo huja pale mtu anapodai cheo mahali ambapo hakihusiki: anamkatiza muuza kahawa aliyemwita "kaka" ili amrekebishe aseme "Injinia". Hapo pompous linamfaa bila mjadala.

Kulitamka si kazi. Mkazo uko silabi ya kwanza, na ya pili hutamkwa kwa wepesi, karibu na "POM-pas". Kwa Wamarekani silabi ya kwanza huegemea "pam". Tahajia ndiyo inayowaangusha watu: mwishoni ni o-u-s kama famous na dangerous, si "pompus". Nomino yake ni pomposity, na hapo mkazo unahama hadi silabi ya pili, "pom-PO-siti". Kielezi ni pompously, kama katika "He spoke pompously". Kulinganisha ni more pompous, hakuna pompouser.

Neno hili husemwa zaidi nyuma ya mtu kuliko usoni mwake. Mfanyakazi wa hoteli akisikia mgeni mmoja anasema juu ya mwingine "He's so pompous", acheke kidogo na aendelee na kazi; asilirudie neno, kwa sababu mgeni anaruhusiwa kumsema mwenzake na wewe huruhusiwi. Kwa mkubwa wako wa kazi usilitumie kabisa, hata kwa mzaha. Kwa rafiki wa rika lako linafaa kama tunavyosema "we, usijitie makuu": "Don't be so pompous." Zingatia pia tofauti ya sentensi mbili zinazofanana. "He is pompous" inasema hiyo ndiyo tabia yake siku zote. "He is being pompous" inasema hivi sasa tu kajikweza, kesho anaweza kuwa mzima. Kama humjui mtu vizuri, ya pili ndiyo yenye insafu.