Jeni za Jirani: Jinsi Kuvu Zinavyorithi Nje ya Ukoo Wao

Mama mmoja anayelima mboga katika bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, alituletea maabara miche mitatu ya nyanya iliyoviringishwa kwenye gazeti, mizizi ikiwa bado na udongo. Majani yalikuwa yamegeuka manjano upande mmoja wa mche, ilhali upande wa pili ulikuwa bado kijani kama hakuna kilichotokea. Tulipopasua shina kwa wembe kutoka chini kwenda juu, ulionekana mstari wa kahawia ukifuata mishipa inayopandisha maji. Tukatumbukiza kipande cha shina kwenye glasi ya maji safi, tukasubiri. Hayakutoka majimaji meupe kama maziwa, ambayo hutoka pale bakteria wanapokuwa ndio chanzo cha kunyauka. Kilichobaki kushukiwa kilikuwa mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu iitwayo Fusarium oxysporum, na uoteshaji wa sampuli ukathibitisha hivyo.

“Mwanangu,” aliniuliza, “mbegu hii niliambiwa inavumilia mnyauko. Sasa huu ugonjwa umejifunzia wapi njia nyingine?”

Sehemu ya jibu ni ile tuliyoizoea: kuvu huzaliana kwa wingi, jeni zake, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo kwenye seli, hubadilika kidogo kidogo, na ile inayoweza kupenya kinga ya mmea ndiyo inayobaki na kuenea. Lakini ipo sehemu nyingine ya jibu ambayo wananchi wengi hawajawahi kuelezwa, nayo ni kwamba kuvu haipati jeni kwa wazazi wake peke yao. Mara chache, lakini kwa matokeo makubwa, huzipata kwa jirani asiye wa ukoo wake kabisa.

Kwa bakteria jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1928, pale Frederick Griffith wa Uingereza alipochanganya bakteria wa nimonia waliokufa, wa aina kali, na bakteria hai wasio na madhara, kisha akawadunga panya mchanganyiko huo. Panya walikufa, na ndani yao wakakutwa bakteria hai wa aina ile kali. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake, huko New York, walionyesha kwamba kilichohama kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai kilikuwa DNA, yaani kemikali inayobeba jeni. Kuvu, hata hivyo, ziliaminika kwa muda mrefu kuwa mbali na mambo hayo, kwa sababu DNA yake imefungiwa ndani ya kiini cha seli, na seli yenyewe imezungushiwa ukuta mgumu.

Mfano uliobadili fikra za wengi ulitoka kwenye ngano. Kuvu iitwayo Pyrenophora tritici-repentis, inayosababisha madoa ya kahawia kwenye majani ya ngano, haikuwa tishio kubwa hadi miaka ya 1940. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba jeni inayoipa kuvu hiyo sumu kali, iitwayo ToxA, inapatikana pia katika kuvu nyingine ya ngano, Parastagonospora nodorum, na kwamba kipande cha DNA chenye herufi (yaani viungo vidogo vinavyofuatana kama herufi za neno) zipatazo 11,000 kinafanana karibu herufi kwa herufi katika kuvu zote mbili, ingawa sehemu nyingine za DNA zao zimetofautiana sana. Ukikutana na wanawake wawili wasiojuana, mmoja Mbagala na mwingine Tegeta, kila mmoja amevaa kanga yenye jina lilelile na kosa lilelile la uchapaji kwenye herufi ya tatu, hutasema kila kanga ilichapwa kivyake. Utasema zimetoka kiwanda kimoja. Tena watafiti waliweza kutambua nani alimpa nani: katika nodorum jeni hiyo ina sura nyingi tofauti, ishara ya kukaa humo muda mrefu, na katika ile nyingine karibu haina tofauti, kama mgeni aliyefika juzi.

Nyanya za yule mama zina kisa kinachokaribiana na hicho. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi wa DNA ya kuvu ya mnyauko wa nyanya. Aina iliyochunguzwa ilikuwa na kromosomu, yaani nyuzi ambamo DNA imepangwa, 15, na nne kati ya hizo hazikulingana na za jamaa zake wa karibu, bali zilionekana kuwa na asili nyingine. Watafiti waliikuza kuvu hiyo pamoja na aina nyingine ya Fusarium oxysporum isiyoweza kuugusa mnyanya, na baadhi ya kromosomu hizo zikahamia kwa jirani, naye akaanza kuuguza nyanya. Inasaidia kukumbuka jinsi kuvu inavyoishi. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zinazotambaa udongoni, na nyuzi zikikutana zinaweza kuungana, ukuta ukafunguka na vilivyomo ndani vikachanganyika. Sikumwambia yule mama kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea shambani kwake, maana hilo haliwezi kusemwa kwa kutazama shina. Nilimwambia kwamba linawezekana, na kwamba kuvu hiyo hudumu udongoni miaka mingi, kwa hiyo asirudishe nyanya kwenye matuta yale na asiache masalia ya mimea hiyo shambani.

Kwa Watanzania, kisa kinachotugusa zaidi ni cha kahawa. Mnyauko fuzari wa kahawa uligunduliwa mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukaenea, ukadhibitiwa kwa kung'oa na kuchoma miti na kwa kupanda aina zenye ukinzani, kisha ukarudi tena. Mwaka 1997 uliripotiwa Kagera, kwenye robusta. Ukibandua gome la mti uliougua unakuta mti wenyewe umetiwa rangi ya buluu inayokaribia weusi, na mti mkubwa unaweza kufa katika miezi michache. Chanzo chake ni Fusarium xylarioides. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia sampuli zilizokusanywa kwa miongo kadhaa na kuhifadhiwa Uingereza, ulionyesha kwamba kuvu hii imepokea vipande vikubwa vya DNA kutoka Fusarium oxysporum kwa nyakati tofauti, na kwamba vipande hivyo vimechangia milipuko iliyofuatana. Vipande vya namna hii hujikata na kujipachika vyenyewe, vikiwa vimebeba jeni nyingi kwa mkupuo mmoja. Watafiti wameviita Starship. Naona kuna sababu ya kutazama kibanja cha Kagera kwa jicho hilo, kwa kuwa humo kahawa na migomba hukua bega kwa bega, na Fusarium oxysporum ni mkaazi wa kawaida wa mizizi ya migomba.

Si kila jeni iliyohama imeleta balaa. Kuvu zinazoishi bila hewa katika tumbo la kwanza la ng'ombe na mbuzi zimepata kwa bakteria jeni nyingi za kuyeyusha nyuzinyuzi za majani, na mifugo yetu inafaidika nazo kila siku. Hamira nayo ina jeni iliyotoka kwa bakteria, ambayo huisaidia kukua pasipo oksijeni.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kama mtu akila uyoga anaweza kuingiwa na jeni za kuvu. Hapana. DNA ya chakula humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, na ili jeni irithiwe na mnyama ni lazima ifike kwenye seli zinazozalisha mayai au mbegu za uzazi, jambo ambalo kwa wanyama ni adimu mno. Limewahi kutokea kwa vidukari wa mimea ya jamii ya kunde: mwaka 2010 ilibainika kwamba jeni zinazowapa baadhi yao rangi nyekundu zilitoka kwa kuvu, zamani sana.

Sampuli ya nyanya za Msimbazi tumeihifadhi kwenye friji la baridi kali, ikiwa na lebo ya tarehe, mahali, jina la mbegu, na mazao yaliyokuwa matuta ya jirani, ambayo ni bamia, mchicha na migomba miwili. Nilipokuwa naandika hayo ya mwisho, mama aliuliza yana kazi gani. Nilimweleza kwamba kuvu ikibadilika tena, tutahitaji kujua ilikuwa inaishi na nani.