Naloksoni si dawa ya "mateja" tu

Askari mstaafu wa Marekani anayemeza vidonge vya maumivu ya mgongo akipewa naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi, huenda akachukia: "Kwani mimi teja?" Hapo ndipo dhana inapopotoka. Morfini, oksikodoni, heroini na fentanili zote ni jamii moja, opioidi, na zikizidi hupunguza pumzi mpaka ikakatika. Mwili haujali kama kidonge kilitoka kwa daktari au kichochoroni. Ukichanganya na pombe au dawa za usingizi, hatari huongezeka.

Naloksoni huziondoa dawa hizo kwenye vipokezi vya ubongo, na pumzi huweza kurudi ndani ya dakika 2 au 3. Hailevi. Ukimpulizia puani mtu ambaye hakutumia opioidi, kwa kawaida haimfanyi kitu.

Idara ya Maveterani (askari wastaafu) ya Marekani imekuwa ikiigawa tangu miaka ya 2010, na sheria ya 2016 iliwafutia maveterani walio katika hatari kubwa ya kuzidisha dozi ada ya kuchangia gharama yake. Baadhi ya hospitali zake zimeiweka hata kwenye makabati ya mashine za kushtua moyo. Tangu 2023, Marekani iliruhusu dawa ya kupulizia puani iuzwe bila cheti cha daktari.

Ila kuipata ni nusu ya kazi. Aliyezimia hawezi kujipulizia, kwa hiyo mke, mtoto au jirani ajue ilipo. Nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na huenda opioidi bado zimo mwilini. Basi piga 911, namba ya dharura ya Marekani, hata akishazinduka.