Kompyuta ya mzazi aliyestaafu: dhana potofu na ukweli wake

Mzazi anapostaafu, watoto wengi hupanga kumnunulia kompyuta ya nyumbani, ili asome magazeti, aandike barua na hesabu za kikundi chake, aone picha za wajukuu zikiwa kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye simu, na azungumze kwa video na mtoto aliyeko Muscat au Manchester. Nia hiyo ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba ununuzi wenyewe huongozwa na maneno ya mitaani ambayo mengi hayana ukweli, na anayeumia kwa makosa hayo ni mzee, ambaye baada ya wiki chache huifunika kompyuta kwa kitambaa na kusema kwamba mambo haya ni ya vijana.

“Core i7 ni bora kuliko Core i3, kwa hiyo tumnunulie i7”

Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowanufaisha wauzaji wasio waaminifu. Alama za i3, i5 na i7 zinaonyesha daraja la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndani ya kizazi kimoja cha kampuni ya Intel; hazielezi umri wake. Kizazi ndicho chenye uzito zaidi, nacho husomeka katika tarakimu za mwanzo za namba inayofuata: i7-2620M ni ya kizazi cha 2, iliyotoka mwaka 2011, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i3-1215U ni ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Hiyo i3 ya mwaka 2022 inaipita kwa mbali i7 ya mwaka 2011, ingawa kibandiko cha i7 kinaweza kuuzwa kwa maneno matamu zaidi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe mashine na afungue ukurasa unaoonyesha namba kamili ya prosesa, kwa sababu kibandiko hubandikwa na mtu yeyote.

Kwa kazi za mzazi, i3 au i5 yoyote kuanzia kizazi cha 8 inatosha kabisa. Fedha inayobaki iende kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) ya GB 8 na diski ya SSD, aina ya hifadhi yenye kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Ni kweli kwamba Windows 11, mfumo unaoendesha kompyuta, hukubali RAM ya GB 4, kwani hicho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na Microsoft, lakini kivinjari chenye kurasa kadhaa kikifunguliwa pamoja na mazungumzo ya video, mashine ya GB 4 huanza kusuasua, na mzee anayeona hakuna kilichotokea hubonyeza tena na tena akidhani kosa ni la kidole chake. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Diski ya zamani inayozunguka nayo huifanya kompyuta ichukue dakika kadhaa kuwaka; kuiondoa na kuweka SSD ni kazi ndogo kwa fundi, na tofauti yake huonekana siku hiyohiyo.

“Kompyuta iliyotumika kutoka Ulaya ni imara kuliko mpya, haina shida”

Nusu ya kauli hii ni ya kweli. Kompyuta mpakato za ofisini, kama Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za Lenovo, ambazo huuzwa kwa wingi Kariakoo na katikati ya Nairobi baada ya kutumika ng’ambo, zilitengenezwa kwa ajili ya kazi za kila siku, zina kibodi nzuri, na vipuri vyake hupatikana. Mimi ningemchagulia mzazi mojawapo ya hizo kuliko mashine mpya ya bei ya chini yenye hifadhi ya GB 64, ambayo hujazwa na masasisho ya Windows kabla hata mwenyewe hajaweka picha zake.

Nusu ya pili ndiyo yenye hatari. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huhitaji TPM 2.0, yaani sehemu ndani ya kompyuta inayotunza funguo za usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye. Kompyuta nyingi zilizotumika ambazo bei yake inavutia ni za kizazi cha 4, 5 au 6. Zitawaka, zitaandika, zitacheza video, lakini mashimo mapya ya usalama yatakayogunduliwa hayatazibwa kwa njia ya kawaida, na mtumiaji atakuwa mzee anayefungua akaunti yake ya pensheni au ya eCitizen humo humo. Sioni sababu ya kumweka mzazi katika hali hiyo ili kuokoa fedha kidogo.

Betri nayo ikaguliwe. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao sasa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya tangu mwanzo. Jambo hili lina maana kubwa pale umeme unapokatika mara kwa mara, kwa sababu betri ndiyo faida kuu ya kompyuta mpakato dhidi ya ile ya mezani, ambayo bila UPS (kifaa chenye betri ya akiba) huzimika ghafla huku barua ikiwa haijahifadhiwa. Aidha, kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani huweza kuwa na swichi ndogo ya volti nyuma yake. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wetu wa volti 230 au 240, kifaa chake cha umeme huungua papo hapo. Chaja nyingi za kompyuta mpakato hazina tatizo hilo, kwani huandikwa kwamba hukubali volti 100 hadi 240.

Wapo wanaoshauri Chromebook, kompyuta mpakato inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows, na ushauri wao si mbaya hata kidogo kwa mzazi ambaye kazi zake zote ziko kwenye intaneti, maana haina mengi ya kuharibika. Hata hivyo, kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kipindi cha miaka 10 kwa mashine zilizotolewa kuanzia mwaka 2021, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua. Zile zilizotumika shuleni ng’ambo na kuletwa kwetu zinaweza kuwa zimeshapita tarehe hiyo; mipangilio yake huonyesha, na mnunuzi anapaswa kuiangalia akiwa bado dukani.

“Mzee haoni vizuri, kwa hiyo hata kompyuta haitamsaidia”

Hapa ndipo tunapowadhulumu wazazi wetu zaidi. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wa kulenga vitu vya karibu, na mtu huanza kuhitaji miwani ya kusomea. Miwani hiyo kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, takriban sentimita 40, ilhali skrini ya mezani hukaa sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni. Mzee akiivaa huona ukungu, akiivua huona ukungu, kisha watu wote hukubaliana kwamba macho yamekwisha. Mtaalamu wa macho anaweza kumpimia miwani ya umbali wa skrini, na mzazi aende akiwa ameshapimiwa kwa utepe umbali anaokaa. Mwenye miwani ya sehemu mbili husomea sehemu ya chini, kwa hiyo skrini yake ishushwe kidogo, la sivyo ataketi ameinua kidevu hadi shingo imuume.

Kuhusu herufi, watu wengi hupunguza ubora wa picha ya skrini (resolution) ili zikue, na matokeo yake zinakuwa kubwa lakini zenye ukungu. Njia sahihi ni kuacha ubora wa asili wa skrini na kuongeza kipimo cha maonyesho (scale) hadi asilimia 125 au 150; katika Windows 11 ukubwa wa maandishi pekee unaweza kuongezwa hadi asilimia 225. Kwa mzazi asiyesafiri na kompyuta, napendekeza skrini ya nje ya inchi 24 isiyong’aa, ikae mahali ambapo mwanga wa dirisha hauipigi, huku kompyuta mpakato ikibaki pembeni kama akiba ya umeme.

“Skrini ya kugusa ni rahisi kuliko kipanya”

Kwa baadhi ni kweli, hasa waliozoea simu. Lakini vidole vikavu vya uzeeni wakati mwingine havitambuliwi vizuri na skrini, na mkono unaotetemeka hugusa mara mbili pale ulipokusudia mara moja. Kipanya cha ukubwa wa kawaida, kilichopunguzwa kasi ya mshale na ya kubonyeza mara mbili, huwafaa wengi, na kwa hakika ni rahisi kuliko kile kipande laini kilicho chini ya kibodi. Asiyezoea kuchapa anaweza kuzungumza, kwani huduma ya kuandika kwa sauti katika Google Docs hukubali Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Kivinjari cha Chrome nacho kinaweza kuonyesha menyu zake kwa Kiswahili, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji.

“Fundi ataweka kila kitu bure”

Windows isiyo na leseni halali na programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa, ndizo mlango mkubwa wa virusi katika kompyuta za nyumbani. Hakuna haja ya kununua programu ya kinga dhidi ya virusi wala kuikraki: Microsoft Defender imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na humtosha mtumiaji wa kawaida mradi masasisho yafanyike. Kwa kuandika barua, LibreOffice ni ya bure na ni halali. Mzazi apewe akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na akaunti ya msimamizi ibaki kwa mtoto mmoja anayeaminika. Kama intaneti inatoka kwenye simu, muunganisho huo uwekwe katika mipangilio kuwa wenye kipimo (metered), ili masasisho makubwa yasimalize bando usiku mmoja. WhatsApp iwekwe ile ya programu kamili, inayopiga simu za sauti na video. Na kwa kuwa akaunti imeunganishwa na simu yake, simu hiyo ifunguliwe angalau mara moja ndani ya siku 14, vinginevyo kompyuta itaondolewa kwenye akaunti hiyo ya WhatsApp.

“Nikiwa mbali siwezi kumsaidia”

Windows ina programu ya Quick Assist: msaidizi huingia kwa akaunti yake, hupata namba ya siri ya muda mfupi, humtajia mzazi kwa simu, kisha huona skrini ya mzazi na kumrekebishia kilichoharibika. Ifanyieni majaribio mkiwa nyumba moja kabla ya kuagana. Njia hiyohiyo ndiyo matapeli wanayoitafuta, hivyo mzazi aelezwe mapema na kwa heshima kwamba namba hiyo hupokewa kutoka kwa mtoto wake tu, tena baada ya kuisikia sauti yake, na kwamba dirisha lolote litakalojitokeza likidai kompyuta ina virusi na kumtaka apige simu ni la uongo, kwa sababu tahadhari za kweli za Microsoft haziweki namba ya simu.