Unahama Windows kwenda Linux ofisini? Hamisha imeili kwanza

Wakuu, tangu Microsoft wakate sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 napigiwa simu na maofisi mengi hapa Dodoma, Area D, Kizota, Makole, na wengine mpaka Kongwa na Manyoni. Kompyuta zao bado zinadunda vizuri ila Windows 11 inazikataa, ama hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) ama prosesa ni Intel ya chini ya kizazi cha 8, na hela ya mashine mpya haipo. So wanaamua kuweka Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, toleo la Mint au Ubuntu, na mimi nawaunga mkono kabisa, kwa kazi za kuandika barua, kuprinti na kuingia intaneti inatosha sana.

Kinachokwamisha ni imeili. Bosi akiwasha kompyuta Jumatatu akakuta barua za miaka yote hazipo, hapo hapo atasema rudisheni Windows, na ana haki, maana humo ndo kuna mikataba, invoisi, na makubaliano na wafadhili ambayo hayapo sehemu nyingine yoyote.

Ushauri wangu ni huu: usibadilishe mfumo wa kompyuta na programu ya imeili siku moja. Anza na programu ukiwa bado ndani ya Windows, instoli Thunderbird, programu ya imeili ya bure, barua zote ziingie humo, watu waizoee wiki kadhaa, afu ndo uiguse Windows. Thunderbird ya Windows na ya Linux ni ile ile, kwa hiyo siku ya kuhama dada wa mapokezi anakuta kitu anachokijua tayari.

Kabla ya yote jua barua zinaishi wapi. Fungua Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft ambayo maofisi mengi wanaitumia, nenda setingi za akaunti, angalia imeandikwa POP3 au IMAP. POP3 ni kama kwenda posta kufungua S.L.P. ya ofisi, unazoa barua zote unarudi nazo, sanduku linabaki tupu. IMAP barua zinabaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma ya imeili, na kompyuta yako inatunza nakala tu. Maofisi mengi yenye domeni ya .co.tz au .or.tz yanalipia hostingi (nafasi ya kukodi kwenye seva) ya bei ndogo, nafasi finyu, kwa hiyo fundi wa mwanzo aliwawekea POP3 ili seva isijae. Outlook kwa kawaida inaacha nakala kwenye seva kwa siku 14 afu inafuta, yaani ukiingia webmail, imeili ya kwenye brauza, ukaona barua za karibuni zipo usidhani na za mwaka jana zipo.

Na hapa naomba usome taratibu: kwenye POP3 barua ULIZOTUMA hazijawahi kukaa kwenye seva kabisa, hata kama nakala za zilizoingia zinaachwa huko. Mhasibu anayehitaji kuonyesha kwamba ankara ilitumwa tarehe fulani, ushahidi wake uko ndani ya faili moja la .pst, ambamo Outlook inatunza barua, kwenye ile kompyuta. Lipo mara nyingi kwenye Documents, folda ya Outlook Files, au kwenye AppData ambayo imefichwa. Ukifomati bila kulichukua, limekwenda.

Watu wa IMAP nao wasitulie sana. Kuanzia Outlook 2013 akaunti ya IMAP inatumia faili la .ost, ambalo ni nakala tu ya vilivyoko kwenye seva, barua zenyewe utazipata tena kutoka kwenye seva, sawa, lakini angalia kalenda na orodha ya anwani, utakuta pembeni imeandikwa kwamba ziko kwenye kompyuta hii tu. Ndo ukweli, IMAP haibebi anwani wala kalenda. Zitoe mapema, anwani kama CSV, kalenda kama faili la .ics, weka kwenye flashi.

Kuhamisha kwenyewe kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza, kama Outlook ile ya zamani (classic, sio "new Outlook") bado iko kwenye mashine, Thunderbird ikiwa hapo hapo Windows inaweza kuvuta barua na folda zake kupitia sehemu ya Import, na hii ndo sababu nyingine nasema fanya kabla ya kuhama, kwa sababu ukiwa Linux hamna Outlook ya kuvuta kutoka kwake. Ya pili ni kwa aliyekwisha kuchelewa, ana .pst tu mkononi na Windows imeshaondoka: kwenye Linux instoli pst-utils, ndani yake kuna amri ya readpst, inalifungua lile faili na kutoa folda za mbox, muundo wa kutunza barua ambao Thunderbird inauelewa. Kuna wanaopandisha barua zote kwenye seva kwa kuziburuta kwenye akaunti ya IMAP, inafanya kazi, ila kama ofisi inaishi kwa bando la simu na hostingi ni ndogo utajuta, labda nafasi iongezwe kwanza.

Sasa zikishakuwa Thunderbird, kuhama ni kukopi folda nzima ya Thunderbird iliyo chini ya AppData\Roaming, yaani Profiles pamoja na faili la profiles.ini. Funga programu kabisa kabla ya kukopi. Flashi nyingi za madukani zimefomatiwa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4, na inboksi ya mtu wa manunuzi inavuka hapo kirahisi, so tumia exFAT. Upande wa Linux Mint inakaa kwenye folda ya .thunderbird ndani ya home, bonyeza Ctrl+H uione. Ubuntu za karibuni Thunderbird yao ni ya snap (aina ya kifurushi cha programu cha Ubuntu), folda iko snap/thunderbird/common/.thunderbird, watu wanaweka kule kwingine afu wanashangaa programu inafunguka tupu. Hakikisha pia toleo la Linux sio la zamani kuliko lile la Windows, maana Thunderbird inakataa profaili, yaani hiyo folda ya barua na setingi, iliyotoka toleo jipya zaidi.

Paswedi. Hakuna anayeikumbuka, Outlook ilikuwa inaitunza toka enzi hizo. Iulizie kwa anayesimamia domeni kabla ya siku ya kazi, usianze kubahatisha, seva nyingi ukikosea mara kadhaa zinaifungia anwani ya intaneti ya ofisi nzima na wote mnakosa imeili asubuhi hiyo. Setingi za kawaida ni IMAP porti 993, kutuma porti 465 au 587. Na kama mnabaki na POP3, kompyuta ya zamani na mpya zisivute kwa pamoja, barua zinaweza kugawanyika huku na huku na kuzikusanya ni kazi ngumu.

Wenye Microsoft 365: paswedi peke yake haikubaliki, walianza kuizima Oktoba 2022, kwenye Thunderbird chagua OAuth2 litakuja dirisha la kulogini. Msimamizi wenu akiwa amezima IMAP mwombeni aifungue, au tumieni Thunderbird zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2025, hizo zinaongea na Exchange, seva ya barua ya Microsoft, moja kwa moja. Na wenye anwani za .go.tz msiguse chochote kabla ya kuongea na watu wa TEHAMA wa taasisi yenu, huko kuna taratibu zake.

Kitu kidogo kinachosumbua sana mashine za zamani ni saa. Betri ya ubaoni ikifa, kompyuta inarudi miaka ya nyuma na Thunderbird inagoma kuunganisha kwa sababu cheti cha seva kinaonekana sio halali. Na ukiweka Windows na Linux pamoja, saa zinapishana masaa matatu kamili, ule ule utofauti wetu na UTC (saa ya dunia), kwa sababu kila mfumo unaisoma saa ya mashine kivyake.

Mwisho, hard disk ya zamani usiifomati. Diski za SSD ndogo sio ghali siku hizi, weka Linux kwenye mpya, ile ya Windows itoe, iandike jina la mtumiaji na tarehe, bosi aifungie kabatini. Kama ilikuwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, chukua na ile namba ya kuifungulia uiprinti, bila hiyo diski haisomeki. Kwa ofisi zinazofunga hesabu Juni 30, mimi huwaambia wakae nayo mpaka wakaguzi wamalize kazi yao, kwa sababu hao ndo huulizia barua ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuitafuta.